Samaki Wamepanda Juu Wanahema: Kutafuta Chanzo na Kujua Tangi Lako Linabeba Wangapi

Jirani alinigongea mlango kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. "Shemeji, njoo uwaone samaki, wote wamepanda juu wanafunguafungua midomo." Nilikwenda na kandambili. Tangi lake ni lile la kioo la sentimita 60, na ndani yake walikuwamo samaki 19: goldifishi 4, moli 6, gapi 8 na pleko mmoja aliyejibana kwenye kona. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tano usiku. Aliniambia kwamba kila alipokwenda dukani kuongeza samaki aliuliza kama tangi litatosha, na kila mara alijibiwa, "Hao wadogo tu, wanaenea."

Kwa macho ni kweli walikuwa wanaenea. Shida ni kwamba dukani tunahesabu kwa kuangalia tangi la saa nane mchana, pampu ikivuma na taa ikiwaka, wakati samaki wanaishi humo saa zote 24. Mimi siku hizi nahesabu kwa saa mbaya kuliko zote ambayo tangi litakutana nayo: alfajiri, joto la Februari, umeme hakuna, na mwenye nyumba amelala. Idadi inayovuka saa hiyo salama ndiyo idadi ya tangi lako. Dalili karibu zote nitakazozieleza hapa zinatokana na kuhesabu kwa saa isiyo hiyo, ingawa zipo chache ambazo hazihusiani kabisa na wingi wa samaki, na hizo nazo nitazitaja ili usije ukagawa samaki wako bure.

Kwanza jua lita zako za kweli

Chukua futi kamba upime ndani ya kioo. Urefu mara upana mara kimo cha maji yenyewe, vyote kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la jirani lilitoa 60 × 30 × 30, yaani 54,000, ambazo ni lita 54. Toa changarawe, mawe na ile ngome ya plastiki, zinabaki kama lita 48. Dukani lilikuwa likiitwa tangi la lita 65, kwa sababu kioo kina kimo cha sentimita 36 na muuzaji alihesabu hadi ukingoni bila jiwe hata moja ndani.

Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya tangi. Utaihitaji hata siku ya kuweka dawa, maana wengi wanaozidisha dawa hukosea hapo.

Swali linalofuata huwa namwuliza mtu hata kabla sijaenda kuliona tangi lake: wameanza kuugua wote kwa pamoja, au mmoja mmoja? Wakilemewa wote ndani ya saa chache, tafuta hewa au sumu. Wakiondoka mmoja leo na mwingine keshokutwa, tafuta uchafu unaojikusanya, ugomvi, au ugonjwa.

Wote wako juu, midomo inafunguka na kufunga

Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji kupitia matamvua. Ikipungua, hupanda pale juu maji yanapogusana na hewa, kwa kuwa ndipo ilipobaki. Beta na gurami usiwahesabu katika dalili hii: wana kiungo cha ziada kichwani cha kuvutia hewa ya juu, na kupanda mara moja moja ni maisha yao ya kawaida.

Angalia saa. Kama wanahema alfajiri tu, kisha kufikia saa nne asubuhi wametulia na wanaomba chakula, hapo midomo ni mingi kuliko oksijeni ya usiku. Mimea na ule mwani wa kijani kwenye kioo hutoa oksijeni mchana taa inapowaka, lakini usiku navyo vinaivuta kama samaki wanavyoivuta. Bakteria walio kwenye changarawe nao wanavuta. Kwa hiyo akiba hushuka usiku kucha, na inafika chini kabisa kabla jua halijachomoza. Ndiyo maana jirani alinigongea saa ile na si saa sita mchana.

Joto linazidisha. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na maji ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Wakati huohuo samaki aliye kwenye maji ya moto mwili wake unakwenda mbio zaidi na unadai oksijeni zaidi. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayesoma kwamba tangi la lita 50 linabeba samaki kadhaa ajiulize aliyeandika hivyo anaishi kwenye baridi gani. Mtu wa Arusha au Nairobi ana nafuu kidogo hapa.

Jambo la tatu ni umbo la tangi, na hili watu wengi hulisahau. Oksijeni huingilia kwenye uso wa maji. Tangi la 60 kwa 30 lina uso wa sentimita za mraba 1,800. Sasa chukua lile tangi la mapambo refu kama mnara, 30 kwa 30 na maji ya kimo cha 60: lita ni zilezile 54, lakini uso ni 900 tu. Lita ni sawa, hewa ni nusu. Binafsi sinunui tangi la mnara, hata likipendeza vipi sebuleni.

Wafugaji wa zamani, kabla pampu hazijaenea, walikuwa wanahesabu kwa uso huo: sentimita za mraba 30 kwa kila sentimita ya samaki wadogo wa maji ya joto, na 75 kwa kila sentimita ya goldifishi. Samaki anapimwa kuanzia mdomo hadi mwanzo wa mkia. Mkia wenyewe hauhesabiwi. Unachukua urefu atakaofikia akikua, si alionao siku unapomnunua. Kwa tangi la jirani hesabu hiyo inatoa sentimita 60 za samaki wadogo, au 24 za goldifishi. Goldifishi wake wanne, kila mmoja alikuwa na sentimita 7, jumla 28. Peke yao walikuwa wamelijaza tangi na kumwagika, kabla hujawafikia wale 15 wengine.

Naipenda kanuni hii ya zamani kuliko ile inayozunguka kila mahali ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja, kwa kuwa ilitungwa na watu wasio na pampu. Inafanana na usiku wetu wa umeme kukatika. Ile ya urefu kwa lita ina tatizo jingine: mwili haukui kwa urefu pekee. Samaki akirefuka mara mbili, hunenepa na kupanuka pia, na uzito wake unafika kama mara nane. Samaki mmoja wa sentimita 12 si sawa hata kidogo na samaki wanne wa sentimita 3, ingawa futi kamba inasema ni sawasawa.

Sasa kama umewakuta wako juu hivi sasa hivi, usianze na hesabu. Chukua jagi, chota maji ya tangi, yamwage humohumo kutoka kimo cha mkono, rudia rudia. Kila mmwago unaingiza hewa. Fungua kifuniko. Usiwape chakula siku hiyo, maana kusaga chakula kunadai oksijeni zaidi. Ukiwa na maji yaliyolazwa tayari, yaani yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ya bomba itoke, badilisha theluthi. Kwa jirani tulichota na kumwaga kama nusu saa, tukawahamisha goldifishi wote wanne kwenye beseni pana la kufulia lililosuuzwa vizuri bila sabuni, na kabla ya saa mbili waliobaki walikuwa wameshuka. Ukiweza kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri au inayochomekwa kwenye pawabenki.

Kuna kuhema kusikohusiana na wingi. Wakianza kuhema muda mfupi baada ya kubadilisha maji, mchana kweupe, hiyo ni klorini ya maji ya bomba. Maji yalazwe kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kulaza ndoo hakusaidii, inabidi dawa. Wakianza kuhema na kuyumba baada ya chumba kupuliziwa dawa ya mbu, chanzo ni hiyo dawa: zile za jamii ya pairethroidi ni sumu kali sana kwa samaki hata zikiwa kidogo, na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Nawaomba wenye matangi wasipulize kabisa chumba hicho, watumie chandarua. Hapo hata ungekuwa na samaki mmoja angekufa.

Wanakufa mmoja mmoja, na tangi halijafikisha miezi miwili

Hapa nina uchungu wangu. Tangi langu la kwanza nililinunua Jumamosi pamoja na samaki 14, nikajaza maji, nikawatia siku hiyohiyo. Wiki ya tatu walikuwa wamebaki watano. Kila asubuhi binti yangu alikuwa anakwenda kuhesabu kabla ya shule, na mimi nilikuwa namwambia maji ni masafi, angalia, unaona hadi ukutani. Maji yalikuwa masafi kwa macho kweli.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua yenyewe. Chakula kilichobaki nacho kinaoza kuwa amonia. Ni sumu, haina rangi. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria walioshika kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linageuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wanaivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi. Bakteria hao hawaji na tangi kutoka dukani. Wanahitaji wiki nne hadi sita kuongezeka hadi watoshe. Kwa hiyo katika miezi miwili ya kwanza usihesabu lita wala uso wa maji. Hesabu umri wa sponji. Tangi la lita 200 lenye sponji ya jana linaweza kuua samaki sita.

Dalili za amonia: matamvua mekundu kama yameungua, mapezi yamebanwa mwilini, samaki amelala chini au amesimama mahali pamoja. Za nitriti: anahema hata pampu ikivuma, na ukifunua tamvua la aliyekufa unakuta rangi ya kahawia badala ya nyekundu, kwa sababu nitriti imeharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Ukipata vipimo vya maji vya matone, hesabu inayotakiwa ni sifuri kwa amonia na sifuri kwa nitriti. Kiwango chochote juu ya hapo ni kengele.

Tena kuna jambo la pwani. Amonia inakuwa kali zaidi maji yakiwa na pH ya juu (pH ni kipimo cha asidi na alkali ya maji): kutoka pH 7 kwenda 8, sehemu yake yenye sumu huongezeka takriban mara kumi. Sehemu nyingi za pwani maji ya kisima yamepita kwenye mwamba wa chokaa na ni magumu, yenye pH ya juu. Kosa ambalo mtu mwingine angelivuka kwa samaki kuchechemea kidogo, kwetu linaua.

Cha kufanya: usiongeze samaki hata mmoja. Lisha kidogo, mara moja kila siku mbili. Badilisha robo hadi theluthi ya maji kila siku, kwa maji yaliyolazwa, mpaka vipimo vishuke. Kama ni nitriti, chumvi ya kawaida isiyo na madini ya ziada, gramu 1 kwa lita, iyeyushwe kwanza pembeni, huzuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Sponji usiioshe bombani hata mara moja. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, irudishe ikiwa bado kahawia. Na kama una rafiki mwenye tangi zima la mwaka mzima, mwombe kipande cha sponji yake chafu ukichomeke kwenye chujio lako. Nimewahi kumpa mtu kipande cha namna hiyo kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, akakipokea kwa mashaka kama mtu aliyepewa takataka, lakini tangi lake likatulia haraka.

Baada ya hapo ongeza kwa hatua: wawili au watatu wadogo, subiri wiki mbili, pima, kisha wengine. Sponji inakua kwa kadiri ya uchafu inaopata. Ukileta kumi kwa siku moja, umeiongezea kazi ghafla hata kama tangi lilikuwa zima.

Tangi la zamani, na samaki wapya tu ndio wanakufa

Umeleta watatu wazuri, siku ya pili wamekufa, na wale wa zamani wanaogelea kama hakuna kilichotokea. Watu husema duka limeuza wagonjwa. Inawezekana. Lakini pima nitreti kwanza. Samaki wa zamani wamezoea polepole, siku baada ya siku. Mgeni ametupwa ndani kwa dakika kumi.

Nitreti ndiyo inayokuambia ukweli kuhusu wingi wa samaki, kuliko kanuni yoyote. Pima leo baada ya kubadilisha maji, pima tena baada ya siku saba, kabla ya kubadilisha. Tuseme imepanda miligramu 20 kwa lita. Ukiwa na kawaida ya kubadilisha robo ya maji kila wiki, itaendelea kupanda mpaka ifikie 80 ndipo isimame, kwa sababu hapo robo unayoitoa ndiyo inalingana na 20 zinazoingia. Ukibadilisha nusu, itasimama kwenye 40. Mimi napenda isizidi 40. Kwa hiyo una njia tatu: kubeba ndoo nyingi zaidi kila wiki maisha yako yote, kupunguza chakula, au kupunguza samaki. Jiulize kwa moyo mweupe utabeba ndoo ngapi mwezi wa Ramadhani au wiki ya mitihani ya watoto. Hiyo nayo ni saa mbaya ya tangi.

Maji meupe, maji ya kijani

Maji kuwa meupe kama yaliyooshea mchele, katika tangi jipya, ni bakteria wanaoelea. Yatatulia yenyewe ukipunguza chakula. Yakitokea kwenye tangi la zamani, tafuta samaki aliyekufa nyuma ya jiwe. Maji ya kijani ni mwani: jua la dirishani au taa ya saa nyingi, pamoja na nitreti. Sogeza tangi, punguza taa iwe saa sita hadi nane.

Mmoja anawafukuza wenzake

Mapezi yamechanika, mmoja amejificha nyuma ya chujio na hatoki hata kula. Hapa mtu huwaza kwamba wamejaa, akapunguza, na ugomvi ukazidi. Ugomvi una hesabu yake, na wakati mwingine jibu ni kuongeza.

Siklidi wetu, jamii moja na sato na furu, ndio wanaofundisha hili. Mbuna wa Ziwa Nyasa, hao wa buluu na manjano wanaokaa kwenye miamba, ukiwaweka wanne, dume mwenye nguvu humchagua aliye dhaifu na kumwandama mpaka afe. Ukiwaweka kumi na wawili au zaidi, dume mmoja na majike wengi, hasira inagawanyika na hakuna anayebebeshwa yote. Lakini hao kumi na wawili wanataka tangi la lita 200 kwenda juu, mawe mengi, na chujio lenye nguvu kuliko kawaida. Huwezi kuchukua nusu ya ushauri, yaani ule wa kuongeza samaki, ukaacha ule wa tangi.

Wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa Kigoma na kusafirishwa hadi Ulaya na kwingineko kwa wafugaji, wanatofautiana kwa makazi. Wako wanaokaa jozi na hawataki mtu mwingine kwenye jiwe lao. Wako wadogo kabisa, kina multifasciatus, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono kwenye mchanga. Dume wake hazidi sentimita 5 hivi, na familia nzima inaweza kustawi kwenye tangi la lita 50, mradi kila mmoja awe na kombe lake na yabaki ya ziada. Nawapenda hawa kuliko samaki wote wa dukani. Maji yao ya nyumbani yana alkali, pH inakaribia 9, kwa hiyo maji magumu ya kisima cha pwani yanayowatesa samaki wa aina ya tetra, kwa hawa ni neema.

Kinyume chake ni samaki wa kundi. Tetra neoni watatu hawataonekana, watajificha wakiwa na rangi iliyofifia. Wakiwa wanane hadi kumi wanatoka. Kama lita zako hazibebi kundi la namna hiyo, usinunue aina hiyo. Beta madume wawili, kwa lita zozote zile, hapana.

Miezi inapita na hawakui

Goldifishi wa sentimita 5 amebaki sentimita 7 mwaka mzima, kichwa kikubwa, mwili mwembamba, mgongo umeanza kupinda. Kuna imani kwamba samaki hujikadiria kulingana na tangi. Haiko hivyo. Maji machafu na ubanaji vimemdumaza, na maisha yake yanakatika mapema. Goldifishi wa kawaida akipata nafasi anafika sentimita 20 na kuzidi, na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Wale wa mviringo wenye mikia ya shela wanataka, kwa maoni yangu, lita 75 kwa wa kwanza na 40 kwa kila anayeongezeka. Wale warefu wa kawaida mahali pao ni bwawa.

Pleko naye, anayeuzwa akiwa kama kidole "wa kulamba uchafu", aina ya kawaida hupita sentimita 30. Tena halambi uchafu. Anakula mwani, na kinyesi chake ni kingi kuliko cha wote.

Walikuwa sita, sasa hawahesabiki

Gapi. Jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, watoto 20 au zaidi kwa mara moja, na huweza kutunza mbegu za dume mwilini akazaa mara kadhaa bila dume kuwapo. Kwa hiyo kumtoa dume leo hakutakusaidia mwezi huu. Ukitaka amani, nunua madume tu. Ndio wenye rangi hata hivyo. Kama tayari umejaa, punguza maficho ya majani ili wakubwa wale vichanga, au weka siklidi mdogo mmoja kwenye tangi la pili awale. Wengine ni wagumu wa moyo kwa hili, nawaelewa, lakini watoto 60 kwenye lita 48 watakufa polepole kwa amonia, na huko si kuwahurumia. Waliobaki wapeleke dukani, au kwa mtoto wa jirani mwenye tangi tupu lililokomaa.

Usiwamwage mtoni, mferejini wala ziwani, hata mmoja. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo aliowala, zilikuwa zimetoweka machoni pa wavuvi. Gapi si sangara, lakini hakuna anayeweza kumrudisha samaki akishaenea.

Jaribio ninalolifanya kabla ya kuongeza mtu

Chagua siku ambayo uko nyumbani mchana kutwa. Asubuhi mapema, kabla ya kuwasha taa ya tangi na kabla ya kulisha, zima pampu na chujio, andika saa, kaa karibu. Usiende sokoni. Samaki wa kwanza akipanda na kuanza kuhema, washa kila kitu palepale na uandike saa tena. Usisubiri wa pili. Muda huo ndio kipimo cha tangi lako, kwa joto lako na kwa samaki wako, na hakuna jedwali linaloweza kukupa.

Tangi langu la sasa lina kama lita 100. Mara ya kwanza lilifika saa moja na dakika 20, nikashtuka, kwa sababu nililiona lina nafasi tele. Nilitoa moli wakubwa watano na pleko, nikapunguza chakula kuwa mara moja kwa siku. Mwezi uliofuata nilikaa saa nne bila yeyote kupanda, nikawasha mwenyewe.

Jirani naye alilifanya. Goldifishi wanne wamehamia kwa kaka yake mwenye bwawa dogo Kibaha, pleko ameenda nao, wamebaki moli sita na gapi wanane. Wa kwanza alipanda baada ya saa mbili na dakika kumi. Akaja barazani akiwa na karatasi yake, amefurahi, akaniuliza, "Shemeji, sasa si naweza kuongeza wawili?" Nikamwuliza umeme wa mtaani kwetu siku ukiamua kukatika unakaa saa ngapi. Akaiangalia ile karatasi. "Sita," akasema.